Pole kwa Asiyefukuzwa Kazi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mnaolala na simu kifuani, mnaona kufanyia kazi nyumbani ni jambo la kawaida. Huku kwetu Mlali, mtu mzima akionekana nyumbani Alhamisi asubuhi, hana jembe wala homa, basi amefukuzwa.

Binti yangu yuko kampuni ya dawa Dar. Dawa ikimletea mtu vipele au kizunguzungu, taarifa inafika kwake, anaiandika. Siku tatu anapanda treni kwenda ofisini, siku mbili anafanyia kazi sebuleni kwangu huku mtoto wake ananyonya.

Alhamisi moja bosi wake alitaka kuiona nyumba kupitia kompyuta. Akikuta kelele, ruhusa inafutwa: binti ahamie Dar, mjukuu wangu aachishwe ziwa kabla ya wakati. Nikafungia kuku, nikafukuza mbuzi, nikazima redio.

Kina mama wa jumuiya sikuwafungia.

Bosi ndiyo kwanza ameanza kusema, wakaingia na ndizi na jogoo, nyuso za msibani.

"Pole mwanetu. Kazi ni kama majani, yataota mengine."

Mkubwa wao akamwona bosi kwenye kioo. "Ndiye huyu aliyekufukuza?"

Bosi akashtuka. "Shikamoo, mama. Sijamfukuza mtu."

"Marahaba. Mbona yuko nyumbani?"

"Yuko kazini."

"Kazini na kitenge kiunoni? Juu shati la karani, chini anakwenda kisimani!"

Jogoo akawika. Kina mama walipoelewa kwamba kazi bado ipo, wakapiga vigelegele mpaka mtoto akaamka, naye akapiga vyake. Mimi si mtu wa kuchekacheka, ila siku hiyo nilishika mlango nisianguke. Bosi alivua miwani akafuta macho.

"Mama mwenye nyumba yuko wapi?" akauliza. Nikasogea, naye akaniuliza, "Kweli hapo kuna utulivu?"

"Upo. Nikisema kimya, ni kimya."

"Na jogoo je?"

"Huyo ni mgeni. Mchana tunamla."

Akacheka tena. "Basi binti abaki. Ila nikisikia kigelegele kingine, namhamishia Dar."

Vinywa vya kina mama vilikuwa vimeshaachama kushangilia. Nikawanyooshea mwiko, wote, wageni na mjukuu wangu:

"Kuanzia leo, anayeleta pole apitie mlango wa jikoni, apewe ndizi amenye, na mdomo aufunge mpaka binti afunge kompyuta!"