Miche ya Mpaka wa Nemba

Mwaka huu nilianza kufunga mizigo nikiwa nimeshachoka. Kila msimu wa kupanda, kabla mvua hazijashika, napakia pikipiki na kuondoka kwetu Nyakisasa kwenda Nemba, huko Biharamulo, kwenye shamba alilotuachia baba. Nyumba hatuna kule. Nalala chini ya turubai mpaka mahindi yasimame, halafu narudi tena kuyalinda na nguruwe pori yanapobeba. Nimefanya hivyo tangu nilipoacha shule, mama naye alipozikwa baada ya baba, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa na wadogo zangu walikuwa wanataka kula.

Mzigo wa safari ndefu una utaratibu wake. Gunia la mbegu na unga nalilaza kwenye kiti, nyuma yangu kabisa, maana uzito ukirudi kwenye keria tairi la mbele linakuwa jepesi, na kwenye changarawe unaanguka. Nyuma yake panakaa sufuria, jembe, dumu la maji na godoro lililokunjwa. Turubai linakuwa juu ya vyote, kwa kuwa ndilo la kwanza kushuka. Mvua haingoji mtu apange vyombo. Nafunga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mikono imeshaizoea kazi hiyo. Mgongo ndio umeanza kukataa.

Safari hii kulikuwa na kitu cha zaidi: miche ya mramula, mmea tunaoupandia mipaka. Msimu uliopita plau ya jirani yetu wa Nemba iling'oa miramula yote ya upande wa bondeni. Alisema ng'ombe walimshinda nguvu, na huenda ni kweli. Lakini mpaka ukikaa wazi, watu husahau ulikopita. Tulikubaliana kwa simu kwamba tutaupanda upya mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kabla jirani hajalima. Nisipofika, atalima.

Nilikata matawi kwenye mramula wa nyuma ya nyumba, nikayaviringisha kwenye gunia lililoloweshwa. Mdogo wangu, ambaye ni fundi cherehani hapa senta, akaja akasimama na kikombe cha chai mkononi.

"Dada, bado kitanda tu."

"Weka chai hiyo uje ushike huku."

Akaja. Akalichukua furushi la miche, akalifunga pembeni, karibu kabisa na ekzosi.

"Hapo utaipika," nikamwambia. "Nifike Nemba niwapakulie."

Akacheka, akalifungua. Kisha akaniangalia nilivyokuwa nainuka kwa kushikilia usukani.

"Si uliuze tu hilo shamba? Hata kufagia siku hizi unafagia umesimama."

"Na mdogo wetu wa mwisho akitoka bweni atalima wapi? Hapa uani, kwenye kuku?"

"Sijui. Mimi hata silijui lilivyo. Ukiniambia nikaonyeshe mpaka, nitaonyesha shamba la watu."

Hakusema kwa ubaya, lakini nilikaa kwenye kizingiti. Baba alipopanda mramula ule wa Nemba alinipakia kwenye baiskeli, nikiwa bado na sare ya shule. Kwetu mramula haupandwi na mtu mmoja. Mmoja wa nyumba anashika mche, mwingine anashindilia udongo, ili mmoja akiondoka abaki wa kusimama pale na kusema, ulikuwa hapa. Mimi ndiye niliyeshika. Miaka yote nimekuwa naenda peke yangu, nikiona ninawapumzisha wadogo zangu.

"Nani atakushikia?" akauliza, kama aliyekuwa ananifuata mawazo.

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni wa nyumba hii?"

Akaimwaga chai iliyobaki, akaingia ndani. Nikasikia kifuniko cha cherehani kikishuka. Alipotoka alikuwa amevaa sweta, na kitenge amejifunga kiunoni.

"Na mimi nakaa wapi?"

Hapakuwa na pa kukaa. Nilikuwa nimejaza kiti chote. Nilitazama ile mipira niliyoikaza tangu asubuhi, nikasikia uchovu ukinipanda mpaka mabegani, nikaanza kuifungua. Godoro tulilirudisha ndani. Nusu ya unga pia. Gunia likahamia kwenye keria, jepesi sasa, na dumu tukaliacha. Maji tungeomba kule.

Mama jirani tuliyemwachia kuku alikuja kwenye njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo mnahama wote?"

"Tunaenda kushika mpaka," mdogo wangu akamjibu, kama mtu anayekwenda kila mwaka.

Tulipotokea kwenye lami, malori ya kutoka Rusumo yalikuwa yanatupita na kututingisha. Kati ya mgongo wangu na kifua chake kulikuwa na furushi la miche, na maji ya gunia yalikuwa yananilowesha shati.

"Unalowa, dada. Nilihamishe?"

"Liache hapo hapo. Lishike tu."

Akalishika.