Imebaki Skrubu Tu

Ipo asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, ambayo huikumbuka kila ninaposhika bisibisi. Nilikuwa nimekaa kwenye karakana yangu pale Mwembesongo, Morogoro, nimevaa shati la kanisani, nimechana nywele chache nilizobakiwa nazo, na mbele yangu simu imefungwa kwenye kijiti. Upande wa pili wa simu ile walikuwako watu zaidi ya mia tatu, wa hapa nchini na wa ughaibuni, wakitutazama mubashara. Kulia kwangu alikaa Imelda, mtoto wa dada yangu. Nikafungua mdomo, nikasema uongo. Uongo wenyewe nitakuambia, ila vumilia kidogo, maana mzee hawezi kusimulia kosa lake bila kutafuta kwanza lilikotokea.

Mimi ni fundi redio. Nilipomaliza kidato cha nne sikupata nafasi ya kuendelea, nikaenda kujifunza kazi kwa Mzee Shomari, aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Alinifundisha kulehemu, kupima umeme, kusikiliza redio inavyokoroma na kujua wapi inaumwa. Lakini kuna jambo nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu, tena kwa wiki moja tu. Nilijifunza kumwambia mteja "njoo kesho". Mteja akija na redio yake haijaguswa, unaitoa chini ya meza, unaipangusa vumbi, unamwambia, "Iko tayari, imebaki skrubu tu." Anaondoka anatabasamu. Kesho utajua ya kesho.

Siku moja Mzee Shomari alinisikia nikimwambia hivyo mama mmoja aliyeteremka kwa miguu kutoka milimani. Alisubiri mama yule aende zake, akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Pius, ile redio umeifungua?"

"Bado, mzee."

"Basi sikia. Redio yake utaitengeneza. Siku yake uliyompotezea, utaitengenezaje?"

Nikainamia redio kwa adabu, lakini moyoni nilimcheka. Nilijiona nimekuwa mjanja wa mjini. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilichukua miaka arobaini kuvunjika, ndiyo maana sikulihofia.

Miaka ya tisini, kazi ya redio ilipopungua, niliweka kibandani kwangu televisheni mbili na mashine za gemu, zile za kuchomeka kaseti. Watoto wa Mwembesongo na Mafiga wakawa wanashinda kwangu. Kaseti ikigoma unaitoa, unaipuliza, unairudisha, inakubali. (Siku hizi wataalamu wanasema mate yetu ndiyo yaliyokuwa yanaziharibu. Wakati ule hakuna aliyetuambia.) Imelda alikuwa akija likizo kutoka Mgeta, kwetu milimani. Hakucheza sana. Yeye alitaka kujua ndani ya mashine mna nini, na mara mbili nilikuta ameshafungua.

Alisoma mambo ya kompyuta, akafanya kazi Dar es Salaam miaka kadhaa, kisha akarudi Morogoro na wazo lake. Alitaka tutengeneze mashine mpya ya gemu yenye sura ya zile za zamani, kasha lake la mbao ya mninga, na ndani yake gemu zetu wenyewe. Mojawapo ilikuwa ya lori la kabichi linaloteremka kutoka Mgeta, nawe unatakiwa ulifikishe mjini bila kulipindua. Mashine tuliiita Bondwa, kwa jina la kilele kile cha milima ya Uluguru kinachoonekana kutoka mjini. Yeye angetengeneza kilichomo ndani, mimi ningetengeneza makasha na kuzungumza na watu, kwa kuwa wengi walinijua.

Mtaji hatukuwa nao. Imelda akanieleza kwamba siku hizi watu huchangia kitu kabla hakijatengenezwa. Unakionyesha kwenye mtandao, anayekipenda analipia mapema, na kikikamilika anakuwa wa kwanza kukipata.

"Aa, kama mchango wa harusi," nikasema.

"Hapana, Mjomba. Kwenye harusi mtu anachanga, anakula pilau, yanaisha. Hawa watataka mashine yao."

Tukacheka. Ningekaa nikalifikiri neno lile, nisingekuwa nakuandikia leo.

Watu walichangia kuliko tulivyotarajia. Wengi walikuwa wale wale watoto wa kibanda changu, sasa watu wazima wenye vitambi. Mmoja anaitwa Seif, mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Mafiga. Aliniandikia: "Shikamoo Fundi. Nataka wanangu waone nilikokuwa napotelea wakati bibi yao ananitafuta na fimbo." Ujumbe ule niliusomea kila aliyeingia karakana.

Mashine ya kwanza, ya mfano, ilikubali vizuri. Shida ilianza tulipotaka kutengeneza nyingi. Chipu aliyoitegemea Imelda haikuuzwa tena, ikabidi kutumia nyingine. Bodi za majaribio, zile sahani za umeme za ndani, zilipokuja kutoka China, picha ilikuwa safi na sauti safi, lakini kitufe kikawa kizito cha kusikia. Unabonyeza upinde kona, lori linapinda wakati tayari limeshaingia korongoni. Mtu asiyecheza gemu angesema si neno, ni punje ya sekunde. Aliyecheza anajua hapo hakuna mchezo. Imelda alihangaika na kitufe kile miezi. Tulikuwa tumewaahidi watu kwamba masika yakiisha watapata mashine zao. Masika yakaisha.

Ijumaa ile, siku moja kabla ya kuzungumza na wachangiaji, alinisomea alichotaka kusema. Kilikuwa kifupi: tumekosea kuchagua chipu, mashine itachelewa miezi minane, pengine mwaka, asiyeweza kusubiri aseme, tutamrudishia fedha yake, kwa sababu bado ipo.

"Ukisema hivyo kesho," nikamwambia, "keshokutwa hatuna hata mmoja."

"Lakini ndiyo hali yenyewe, Mjomba."

"Fundi hamwambii mtu kitu chake kimekufa. Anamwambia njoo kesho."

"Hawa hawako mlangoni. Ukiwaambia kesho wataiandika."

"Niachie mimi. Nimeanza kuongea na wateja wewe hujazaliwa."

Mwanangu, kama wewe si Mluguru, inabidi nikueleze kitu hapa. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Dada yangu alipomleta Imelda mjini kusoma, alimkabidhi kwangu. Mtoto anaweza kubishana na mjomba wake jikoni. Mbele za watu hawezi. Nililijua hilo, nikalitumia.

Basi Jumamosi ile, mbele ya simu, niliinua kasha la mninga, zuri, limepigwa msasa na vanishi, ndani tupu kama ngoma. Nikasema, "Ndugu zangu, mashine iko tayari. Imebaki skrubu tu. Mwezi ujao mnaanza kupokea."

Mtu mmoja akaandika hapo hapo: "Dada Imelda, ni kweli?"

Nikamgeukia. Imelda akasema, macho yake mezani, "Mjomba ameshasema."

Watu walipiga makofi kwa zile alama zao za kwenye simu. Mimi nilifurahi. Yeye alikwenda nje, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi akaanza kukusanya vyombo bila kuniangalia.

Uongo mmoja haukai peke yake, unaita ndugu zake. Kwa kuwa nimetaja mwezi ujao, nilimsukuma Imelda tuagize bodi zote, hivyo hivyo na kasoro yake, nikamwambia dawa ya kitufe itapatikana njiani. Fedha iliyokuwapo, ile aliyotaka kuwarudishia watu, ikaenda huko. Bodi zikaja. Dawa haikupatikana. Mwezi ukafika nikasema mwezi mwingine, na baada ya huo mwingine tena. Pale kibandani zamani, kesho yangu ilipeperuka na upepo. Huku kwenye mtandao kila kesho ilibaki pale pale, na sauti yangu, na shati langu la kanisani.

Mwanzo walinitania. "Fundi, hizo skrubu mnachimba wenyewe Uluguru?" Mwingine akaandika, "Cherehani kesho, kabati kesho, sasa na gemu kesho. Fundi ni fundi tu." Baadaye utani ukaisha, na hasira haikuja kwangu. Ukurasa wa michango ulikuwa wa jina la Imelda, picha ilikuwa ya Imelda. Wakaichukua picha ile wakaisambaza, na chini yake wameandika TAPELI. Aliitwa kwenye usaili wa kazi, wakamwonyesha picha ile kabla hawajamkaribisha kiti.

Alikuja karakana akasimama mlangoni.

"Mjomba, naomba useme. Sema tu kwamba zile tarehe zilikuwa zako. Sitaki kingine."

"Nitasema. Tulia kwanza, mambo yapoe."

"Yatapoa juu ya nani, Mjomba?"

Nikageukia kazi yangu. Niliona aibu, mwanangu, huo ndio ukweli wote. Mzee mwenye mvi, kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ya kanisani, nisimame mbele ya watoto waliokuwa wakiniamkia, niseme niliwainulia kasha tupu. Kila siku nilijiambia nitasema, na kila siku nilipata sababu. Siku ziligeuka wiki, Imelda akabeba lawama zangu kwa jina lake.

Habari ikafika Mgeta. Dereva mmoja wa lori alimwonyesha dada yangu ile picha pale pale kwenye mizani anapopimia kabichi zake. Kesho yake alipanda lori lile lile akateremka mjini, akanikuta nakunywa chai.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu ukae, chai ipo."

"Sikuja kula. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Hao wanaosema mwizi, wanamsema mwanangu au wanakusema wewe?"

"Wanamsema yeye."

"Na aliyesema uongo ni nani?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilidhani nimempa mjomba wa kumsitiri. Kumbe nimempa yeye kazi ya kukusitiri wewe."

Akachukua kikapu chake, akarudi barabarani kungoja lori linalopanda. Nilimfuata kumsindikiza, akaniambia nisimsindikize.

Siku ya pili yake nilikaa peke yangu mbele ya simu nikasema yote: lile kasha, zile tarehe, zile bodi, na maneno ya Imelda ya Ijumaa niliyomzuia kuyasema. Walionitukana walinitukana, na walikuwa na haki. Lakini tusi halikuniuma kama ujumbe wa Mwalimu Seif. "Shikamoo Fundi. Kibandani kwako tulikuwa tunangoja zamu toka asubuhi mpaka adhuhuri, hakuna aliyeondoka. Ungetuambia mwaka, tungengoja mwaka. Kwa nini ulidhani hatuwezi?"

Ujumbe ule sikumsomea mtu yeyote.

Nilipokwenda kumweleza Imelda kwamba nimesema, nilikuta chumba chake cha kupanga kina mtu mwingine. Alikuwa amehamia Dodoma wiki ile. Maji yaliyomwagika hayazoleki, mwanangu, hata ukipiga magoti na kitambaa. Kila Jumapili ananitumia shikamoo, nami naitikia, ananiuliza mguu wangu unaoniuma unaendeleaje, namwambia unaendelea vizuri. Kazi yake hanisimulii. Zamani alikuwa akipata waya mpya ananipigia simu saa hiyo hiyo.

Mwezi uliopita Mwalimu Seif alipita karakana. Alikuwa na furaha usoni akijaribu kuificha. Akaniambia amepokea Bondwa yake. Imelda amekuwa akizitengeneza chache chache kwa mshahara wake, baada ya kazi, anawapelekea watu mmoja mmoja kwa zamu walivyochangia. Kasha ni la plastiki nyeusi, hakuna mninga. Kitufe kinasikia. Wanawe wamelipindua lori mpaka wamechoka.

"Ni nzuri sana, Fundi," akasema. "Yako umeionaje?"

Nikamwambia, "Mimi hajaniletea, Mwalimu. Sikujua hata kama imekamilika."

Akaniambia nikitaka niende kwake Mafiga nikaione. Nilimshukuru. Sijaenda bado, kwa sababu ningependa kuonyeshwa na aliyeitengeneza, na hilo si langu kuliomba.

Kwa hiyo, mwanangu, ninalokuambia ni hili. Jambo likichelewa, sema siku ile ile uliyojua kwamba limechelewa, tena umwambie aliyekuamini kabla hujamwambia mwingine yeyote. Usimchagulie mtu uwezo wake wa kusubiri. Yeye anaujua kuliko wewe. Na ukijaliwa kuwa mkubwa wa mtu, uwe mjomba, uwe shangazi, uwe bosi, kumbuka kwamba heshima anayokupa mdogo wako mbele za watu ni kitu amekukopesha akijinyima, kwa hiyo usiifanye kifuniko cha kinywa chake hali yeye ndiye mwenye ukweli. Na kosa lako likimwangukia mwingine, liondoe leo. Usingoje lipoe, maana linapopoa linakuwa limeshaganda juu yake.

Mungu akupe ulimi unaowahi kukiri kabla ya ulimi wa watu kuwahi kumhukumu asiyehusika. Akupe watu wa kukusubiri, nawe akujalie kuwa mtu wa kusubiriwa. Na wale waliokuamini, mwanangu, akuachie hao mpaka uzeeni, wakusimulie kazi zao.