Mwaka Mbwa Mwitu Alipoteremka Ibra

Juzi nilikwenda Ibra kutoa mkono wa tanzia, nikawakuta vijana wa ukoo wetu wameinamia simu moja. Mtu karusha picha ya mnyama wa kijivu akikatiza barabara ya Sur. "Mbwa tu huyu," kasema mmoja. "Dhiib huyu, wallahi, mtazame miguu," kasema mwengine. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa wao. Nikawaambia sijui, nikatoka nje. Lakini wewe nitakwambia, maana wewe husikiliza mpaka mwisho.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa pale mitende inapokwisha, ukingoni mwa bonde kavu. Asubuhi nilikuwa nikiamshwa na mlio wa mchi wake akitwanga hiliki, na maji ya falaji, mfereji wetu wa mitende, yakipita chini ya ukuta. Bibi alikulia Unguja, na jikoni mwake hakikuzungumzwa ila Kiswahili. Kazi yangu ilikuwa kufagia baraza na kutandika mkeka, kwani kila Ijumaa baada ya sala baba na wawindaji wenzake walikuja kunywa kahawa. Waliwinda kwale na sungura, na kwa maneno waliwinda zaidi.

Ijumaa moja aliingia uani mjane aliyekuwa jirani yetu. Aliolewa huku akitokea milima ya Dima wa Tayyin. Mume alikufa, mtoto hakupata, akabaki na mbuzi wake. Hakukubali kukaa. Alisema kwa Kiarabu chake cha milimani, bibi akinifasiria kwa sauti ya chini, kwamba dhiib, yaani mbwa mwitu, kamla mbuzi wake mwengine.

Wanaume walitabasamu kwa adabu. "Mbwa mwitu yuko huko kwenu juu, mama," baba alimwambia. "Huku chini hata babu zetu hawakumwona. Hao ni mbwa wa mitaani."

"Mbwa hubweka," mjane akajibu. "Huyu anakuja kimya."

Alipoondoka wakaanza kubishana. Mmoja alisema ukame ndio uliowateremsha. Mwengine akasema ni baruti za barabara mpya. Baba akashikilia kwamba mama wa watu kapagawa kwa upweke. Mwisho jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwindaji mkubwa kuliko wote, akaweka kikombe chini.

"Mbwa au dhiib, dawa yao moja. Nitatia sumu kwenye mzoga wa huyo mbuzi."

"Yakhe, watoto wanacheza huko!" bibi alipaza sauti kutoka jikoni.

"Wafungieni ndani, bibi."

Tukafungiwa. Siku ya pili, jua lilipochomoza, tumbusi walikuwa wamelala mchangani mbawa wazi, na baba akaja kumwita bibi. Nikatoka nimeshika upindo wa kanga yake. Mnyama alikufia kando ya falaji, kinywa karibu na maji. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, rangi ya mchanga. Mjane keshafika. Alichuchumaa, akamgeuza kwa fimbo yake, tukaona chuchu zimevimba maziwa.

"Ana watoto," akasema. Safari hii sikuhitaji kufasiriwa.

"Basi watakufa wenyewe," jirani akasema, akaenda zake kunawa.

Magharibi tukawasikia. Ilikuwa sauti nyembamba kutoka juu bondeni, inakatika, inaanza tena. Bibi aliusahau mkate wa kumimina mpaka ukaungua. Mjane, yeye aliyeliwa mbuzi, alikamua maziwa akayatia kwenye birika na kupanda majabalini peke yake. Kesho yake baba alimfuata bila kumwambia mtu. Lakini majabali yale hurudisha sauti pande zote. Walielekea huku, kilio kikatokea kule. Wakarudi na birika limejaa.

Ijumaa ilipofika wanaume walikaa barazani kama kawaida. Tende zilizungushwa, kahawa ikamiminwa. Kilio kilisikika mara moja, hafifu, katikati ya mazungumzo yao ya bei ya petroli. Hakuna aliyegeuza shingo. Baadaye hakikusikika tena, nasi tukabaki tunasikiliza.

"Wamenyamaza," bibi alisema.

Jirani akaomba aongezewe kahawa.

Mjane aliuza mbuzi wake, akarudi milimani kwao. Alipokuja kuaga, baba alisimama kumtaka radhi. Akaipokea kwa kichwa tu. Tangu hapo baba hakwenda tena kuwinda, na hakupenda kuulizwa.

Sasa bonde lote limejaa nyumba za saruji. Falaji imekauka, na mitende ya bibi ilikatwa kupisha maegesho ya magari. Baba na wenzake wote wamekwisha kuzikwa, na kaburi la bibi liko karibu nao. Katika waliosikia kilio kile pale barazani, nimebaki mimi peke yangu.