Matanga ya Bibi Nisiyemjua

Mama yangu anaishi katika mji mdogo wa kusini mwa Italia ambao sijawahi kuukanyaga, lakini niulize kichochoro chochote, nitakuelekeza. Mji umekaa juu ya mlima, bahari iko chini yake kabisa, na nyumba zake za mawe zimebanana mpaka unajiuliza wajenzi waliogopa nini. Mama anasema waliogopa maharamia. Ukuta waliojenga kwa uoga huo bado upo, na siku hizi watu wanaanikia nguo juu yake. Taka zinabebwa na kigari cha magurudumu matatu, bajaji kabisa. Bibi wazee wasioweza kushuka ngazi huteremsha vikapu kwa kamba kutoka madirishani, muuza mkate akawatilia mkate.

Mmoja wa bibi hao ndiye aliyenichukulia mama yangu. Nasema hivyo makusudi. Mama alikwenda kumtunza: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa. Akaniahidi kwamba bibi akishapumzika, atakuja kwangu Durban tuishi pamoja. Ahadi mbaya hiyo, maana ilinifanya ningojee kifo cha mtu. Nilipomsikia bibi anakohoa nyuma ya simu, moyo uliruka, halafu nikajitukana.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu. Mama alitoka na simu mkononi, video imewashwa, akapanda ngazi zake. Mimi nilitoka kwenye fleti yangu Overport nikapanda kilima changu, kwa kuwa na sisi huku tuna mlima na bahari, ingawa bahari yetu imejaa kreni za bandarini. Tulihema pamoja. Muuza mkate alizoea kuniuliza kwa ishara kama nimekula. Mama ni Mwislamu, na alikuwa akiswali kwenye kona ya jiko la bibi, chini ya picha ya Bikira Maria. Bibi akimwona anatandika mswala, alizima redio mwenyewe. Nilikuwa nacheka nikisikia hayo. Sikujua kwamba mambo madogo kama hayo ndiyo yanayomfunga mtu mahali.

Asubuhi moja nikiwa kazini Clairwood, kwenye ghala, mama akapiga simu.

"Bibi ametutoka," alisema. "Alikuwa amenishika mkono."

Nikampa pole ya mdomoni. Moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kupanga kitanda chake kikae wapi.

Niliporudi nyumbani nilimweleza jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo, kwamba bibi amefariki na sasa mama anakuja. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mama yako iko na matanga, na wewe unapanga chumba? Non, dada. Haiwezekane."

"Lakini si ndugu yetu."

"Alimuosha, alimulisha. Undugu gani tena unataka? Weka mkeka."

Kesho yake jioni fleti ikajaa. Watanzania wenzangu wanaofanya kazi kwenye viwanda vya Jacobs walikuja na sufuria la pilau, kina mama wakavua viatu, wanaume wakajipanga kwenye korido. Mfiwa yuko Italia, marehemu hata picha yake hawajaiona, na watu wazima wameinamisha vichwa sebuleni kwangu. Shida ikaja kwenye dua. Baba mmoja mzaliwa wa hapa hapa Durban, ambaye babu zake walitoka kwetu, alikuna ndevu.

"Eish. Marehemu si Mwislamu. Tusome nini?"

Wakabishana kwa ile sauti ya chini ya msibani, mpaka wakakubaliana kwamba watamwombea mfiwa subira. Nikampigia mama video, nikaisimamisha simu kwenye chupa ya chai ili wote wamwone.

Mama alikuwa sebuleni kwa bibi. Alikuwa ametandika mkeka kama tunavyofanya kwetu Tanga, na wale bibi wa vikapu walikuwa wameketi naye chini, wamevaa nyeusi, miguu yao mibovu wameinyoosha. Walishukaje ngazi zao, sijui. Nani angewainua, sijui. Mmoja alikuwa amemlalia mama begani, na mama alikuwa akimpapasa mgongo kama alivyokuwa akinipapasa mimi nikiwa na homa.

Dua ikasomwa. Amina ya huku na amina ya kule zikagongana. Kisha yule baba akaisogelea simu.

"Pole sana, dada. Sasa kazi umeimaliza. Njoo kwa mwanao."

Mama aliwatazama wale bibi, akavuta kanga yake vizuri kichwani.

"Nitakuja, kaka yangu," alisema. "Arobaini ikipita, nitakuja kumtembelea. Kisha nirudi. Hawa nao wamebaki peke yao."

Alisema kwa upole, wala hakujua amesema nini. Mtu hatembelei kwake. Jirani yangu Mkongo alikuwa ameelewa kabla yangu, kwa sababu mkono wake ulikuwa tayari kwenye goti langu.

Nikalia mbele za watu, kwa sauti, bila haya. Kina mama wakanizunguka, wakaniambia pole kwa msiba, pole mwanangu, na safari hii sikuwaambia kwamba marehemu si wangu.