Mashamba Yote Kilipita, Kwangu Kilisimama

Sikununua droni kwa ajili ya biashara, na hilo ndilo lililowashinda watu kuelewa. Ningesema napiga picha za harusi, wangenielewa. Ningesema nimetumwa na mradi fulani wa kilimo, wangenielewa zaidi, pengine na kiti wangeniletea. Lakini mtu mzima, fundi simu mwenye kibanda Majengo, mjini Sumbawanga, mwenye mke na kodi ya nyumba, anasimama uwanjani na rimoti mkononi, anatazama juu, anarusha kidude chenye mapanga manne ili tu akione kinavyoruka? Mtu wa namna hiyo ana lake jambo.

Redioni wanaziita ndege zisizo na rubani. Kila nikisikia hivyo nilijiona nimedhulumiwa, maana rubani si ndiye mimi hapa, shingo inaniuma. Na urubani wenyewe haukuwa mchezo. Ukitoka kidogo nje ya Sumbawanga huna mti wa kukukinga, ni nyasi na anga tu, na msimu wa kiangazi upepo wa Ufipa unavuma kama una kesi na mtu. Nilizoea kurusha asubuhi, kabla haujachachamaa. Niliipenda kazi ile isiyo na mshahara kuliko hii inayonilisha, wala sioni haya kusema.

Kuhusu ruhusa, nilijaribu. Ofisi ya kwanza waliniuliza ruhusa ya nini, mbona watoto wanarusha vishada na hakuna anayewasumbua. Ofisi ya pili wakasema jambo hilo ni la usalama, nisilitaje ovyo. Ya tatu nilimkuta bwana mmoja mpole, akaniambia kibali kipo, ila kinatolewa mbali, yeye mwenyewe hajawahi kukiona, na hana hakika kama kidude kidogo kama changu kinahesabiwa. "Wewe fuata tu utaratibu," akasema. Nikamuuliza utaratibu upi. Akacheka, nikacheka, tukaagana. Nikaomba na kwa njia ya mtandao, nikajibiwa kwamba ombi langu limepokelewa. Mpaka leo limepokelewa.

Mama yangu alikuwa akiishi kijijini, si mbali kwa bodaboda, kwenye nyumba waliyoijenga na marehemu baba. Jirani yake alikuwa mjane kama yeye. Mimi nilimwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja, kwa sababu nimekula kwake kuliko nilivyokula kwa ndugu zangu wengi wa damu. Wale wawili walikuwa wakipika pombe pamoja, tena pombe ya kilimo. Kwetu, ukiwa na shamba kubwa na mikono michache, unapika pombe ya ulezi na kuwaita majirani. Wanakuja asubuhi na majembe yao, wanalima mpaka jua linapopanda, kisha wanakaa uani kwako wanakunywa. Hakuna anayelipwa. Ukiitwa na wewe unakwenda. Mama alikuwa hodari wa kuita na hodari wa kuitika, na sifa hiyo aliijali kuliko nyumba yake ya bati.

Mwaka ule aliita watu wa kupiga matuta, wakati mvua hazijaisha na ardhi bado laini. Wafipa tunakata nyasi, tunazifukia ndani ya tuta la duara ili zioze, na msimu unaofuata tunatawanya na kupanda ulezi. Nilikwenda kulima, na droni nikaibeba. Mama aliigeuza geuza mikononi, akauliza inakula nini. Nikamwambia betri. Akasema afadhali, haitagombania ugali na mtu.

Nyasi zilikuwa ndefu na zimelowa, nisingeweza kuirusha kutoka chini. Nikamwomba mama aishike juu, kiganja kikiwa wazi. Mapanga yalipoanza kuzunguka alifumba macho, kitenge kikapepea, wanawake wote wakaacha majembe wakaangua kicheko. Nikaipandisha. Mama akafumbua macho, mkono bado uko juu, akaiambia huku akicheka, "Haya, nenda." Nilikuwa sijamwona mama akicheka vile tangu tumzike baba.

Baadaye, pombe ikiwa katikati, niliwaonyesha video kwenye simu, ikapita mkono kwa mkono. Nilitaka waone kila kitu, nikiamini mtu akishaona hatakuwa na cha kuogopa. Waliona matuta yao kutoka juu yamejipanga kama maandazi kwenye sinia. Waliona vichwa vyao. Mama mdogo akaliona zizi lake, na ndani yake maksai wake wawili, wale aliokuwa akilimia na kukodisha. "Hao si wangu hao?" akasema, akanilazimisha nirudishe nyuma. Pale juu ya zizi nilikuwa nimeishusha droni kidogo nikaiacha itulie, kwa sababu upepo ulikuwa umepoa na wale maksai walikuwa wamelala vizuri. Akaangalia tena na tena. Watu wakampongeza kama vile kapata wengine wawili.

Kabla mvua hazijakatika, alasiri moja, radi ilipiga lile zizi. Maksai wote wawili walikufa palepale.

Kwetu radi si mambo ya hali ya hewa peke yake. Radi hutumwa na mtu, na sifa hiyo ya uchawi tunayo nchi nzima. Nikienda Mbeya kununua vipuri wananiuliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo, na siku zote nilikuwa nacheka nao, nawajibu ungo umepata pancha. Sikucheka siku nilipokwenda kutoa pole. Nyama haikuliwa, walikuwa wameifukia, udongo bado mbichi. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kizingiti.

"Shikamoo, mama mdogo. Pole sana."

"Marahaba. Tumeshapoa." Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Mwanangu, kwa nini kile chombo kilisimama pale?"

Nikamweleza habari ya upepo. Nikamweleza habari ya picha nzuri. Niliongea sana, na kadiri nilivyoongea ndivyo nilivyojisikia kama muuza dawa wa mnadani.

"Mashamba yote kilipita," akasema. "Kwangu kilisimama."

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti, mtu wa heshima ambaye nadhani alitaka kunisaidia, aliniuliza kama nina karatasi yoyote yenye muhuri kuonyesha serikali inakitambua kile kitu. Karatasi ingetosha. Watu wetu wana imani na muhuri, na mwenye muhuri angeambiwa akae chini mambo yaishe. Sikuwa nayo. Askari aliyekuwa ameitwa alisimama akasema yeye kwa upande wake hana taarifa zangu, sheria ipo, ila ataulizia inasemaje, na kwa sasa anakichukua. Akakitia kwenye mfuko wa sandarusi. Nikaona watu wanatazamana.

Hapo akanyanyuka mzee mmoja aliyekuwa amelima nasi siku ile na kunywa. Hakunigusa mimi. "Huyu kijana ni wa mjini, ana mambo yake ya mjini," akasema. "Mimi nauliza, kilitoka mkononi mwa nani?"

Nikasimama nikasema mwenye rimoti ni mimi, mwenye kosa kama lipo ni mimi. Hakuna aliyenitazama. Walikuwa wanamtazama mama. Na mama, ambaye hajui kudanganya, hata kwenye mambo madogo ya kumwondoa mgeni asiyetakiwa, alisimama, akajitengeneza kitenge, akasema, "Mkononi mwangu."

Nataka nieleweke. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyechoma nyumba wala kurusha jiwe, na nimesikia ya vijiji vingine, najua tulivyonusurika. Walimwacha tu. Kwetu watu wakisalimiana wanainama, wanapiga makofi ya taratibu, salamu inakuwa ndefu, ya Kifipa, inauliza mpaka kuku. Wakaanza kumsalimia mama kwa Kiswahili, wamesimama, kama anavyosalimiwa karani mgeni aliyehamishiwa hapo. "Habari za asubuhi." Nzuri. Basi. Kila nilipomtembelea nilimkuta amepungua, nikimuuliza ananiambia ni meno.

Droni nilirudishiwa kimyakimya, mkono mmoja unaobeba panga umevunjika. Nikaambiwa niwe mwangalifu. Kama naruhusiwa kurusha au siruhusiwi, hakuna aliyesema, na mimi sikuuliza tena. Nikaiweka juu ya kabati.

Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, mama akapika pombe. Nilimsihi asipike. Nikamwambia nitaleta vibarua kutoka mjini. Alinitazama kama nimemtukana. "Mimi nina watu," akasema. Aliotesha kimea peke yake, akasaga, akapika, akapita nyumba kwa nyumba kuita. Aliniambia wote wameitikia vizuri.

Siku yenyewe nilifika mapema. Pombe ilikuwa tayari, imefunikwa, na uani amefagia mpaka nje ya boma. Tukakaa kusubiri. Jua likachomoza, watu wakaanza kupita njiani na majembe begani, wanakwenda mashambani kwingine. Wakitufikia wanasema habari za asubuhi. Mama anajibu, anasogea kidogo kwenye benchi, kama anayempisha mtu akae. Kwa mama mdogo mlango ulikuwa umefungwa, lakini moshi ulikuwa unatoka. Mama alikuwa akiutazama ule moshi, kisha anakwenda kufukuza nzi ambao hawakuwepo kwenye pombe.

Mwishowe akachukua jembe. Tukaingia shambani wawili, tukaanza kutawanya matuta yale yaliyopigwa na kijiji kizima. Nilikuwa nalia nikilima, nimempa mgongo asinione. Tulipanda kipande kidogo tu. Akasimama, akajinyoosha kiuno, akatazama sehemu iliyobaki mpaka mwisho wa shamba.

"Nipeleke kwako," akasema.

Nikauliza pombe tuifanyeje. Akasema iache hapo hapo.

Nimempangishia chumba nyumba ileile ninayokaa, Chanji, hapa mjini. Halalamiki, na hilo ndilo linaloniumiza. Anaosha vyombo kabla mke wangu hajaamka. Anapalilia majani kandokando ya mtaro wa mwenye nyumba, kwa sababu hana kingine cha kupalilia. Kila mvua ikinyesha anasema huko kijijini ulezi wa watu utakuwa umefika hapa, anaonyesha kwa mkono. Siku moja akaniomba niende nikamwonee shamba.

Nilikwenda. Kipande tulichopanda kilikuwa kimeota, magugu nayo yameota. Kwenye mpaka nikamkuta mama mdogo ameinama, anapalilia. Alikuwa amepalilia ulezi wa mama, mistari michache tu iliyo karibu na shamba lake, ile ambayo mtu akipita anaweza kudhani ni yake. Aliponiona akashtuka, akatazama njiani.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

Akaanza kulia, akajifuta kwa ncha ya kanga. "Mwambie namkumbuka. Mwambie sina wa kupika naye pombe." Akatazama tena njiani. "Lakini asirudi, mwanangu. Hata mimi wananiuliza kama bado namtaja."

Nikamuuliza, wewe mwenyewe unaamini? Unamjua mama yangu tangu mkiwa wasichana, unaamini? Akabandua udongo kwenye jembe kwa kidole.

"Maksai walikufa," akasema.

Nimelifikiria sana jibu lile. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nikamuaga, nikatembea mpaka barabarani.

Nyumbani nilimkuta mama ananisubiri mlangoni. Nikampa nusu ya salamu. Nikamwambia mama mdogo anamkumbuka, anasema hana wa kupika naye pombe. Ile nusu nyingine, kwamba asirudi, nikabaki nayo. Mama alifunika uso kwa viganja vyake, akakaa hivyo, na alipoviondoa alikuwa mtu mwingine, yule wa zamani.

"Nilijua," akasema. "Nilijua hasira zitamwisha. Nitafutie gari la Jumamosi."

Jumamosi ya kwanza nikamwambia gari limejaa. Iliyofuata nikasema nina simu za watu za kumaliza. Mke wangu ananiambia nimweleze ukweli, na yeye ana haki, ila si yeye atakayetazama ule uso unavyozimika. Jumamosi iliyopita nilimkuta ameshavaa, mzigo umefungwa kwenye kitenge, uko mlangoni. Nikamwambia mvua imeharibu barabara, magari hayapiti.

Akatazama nje. Jua lilikuwa linawaka, na vumbi linatimka njiani.

"Haya, mwanangu," akasema, akainama, akaanza kufungua mzigo.