Njia Fupi ya Lori la Alizeti

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimerudi nyumbani Kinampanda kutoka chuoni Dar es Salaam, na swali moja limenishinda. Nilikuwa nasomea uzamili wa kompyuta, nimepata sapu, yaani mtihani wa marudio, katika somo la algoriti, somo la kupanga hatua za kutatua tatizo na kuthibitisha kwamba hatua hizo ni sahihi. Nikifeli tena, nadisko, naondolewa chuo.

Zilikuwa nyakati ambapo biashara ya mazao haikuwa tena ya serikali peke yake, na malori ya watu binafsi yalipita vijijini kununua alizeti. Swali lenyewe lilihusu lori: litoke mjini, likusanye mizigo katika vijiji vyote kwa mwendo mfupi kabisa. Nikaandika kwamba kila mara liende kijiji kilicho karibu zaidi na pale lilipo. Nani angebisha? Lakini kila nikijaribu kuthibitisha, naishia katikati. Sikujua kosa liko kwenye hesabu, kwenye Kiingereza, au kichwani mwangu.

Baba, mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, alinikuta asubuhi nimejiinamia mezani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mbona chai hujanywa?”

Nikamwambia nataka kuacha chuo, sina akili ya mambo haya. Hakunibembeleza.

“Nieleze hilo swali. Kwa lori na vijiji, si kwa hizo herufi zako.”

Nikachota mbegu za alizeti, nikazipanga kwa mstari: mji katikati, na kila upande kijiji cha karibu na cha mbali sana, cha magharibi kikiwa mbali kupita vyote. Nikaendesha lori kwa kidole. Likaenda mashariki kwa jirani. Kilichofuata kwa ukaribu kilikuwa magharibi, likarudi kupita mjini. Kisha mashariki tena, kisha magharibi tena. Kidole kikasimama. Lingemaliza upande mmoja kwanza, lingeokoa mwendo mrefu.

Muda wote ule nilikuwa nathibitisha kitu ambacho si kweli.

“Sasa ndiyo nimechanganyikiwa zaidi, baba.”

“Sasa hivi ulisema huna akili,” alinijibu kwa ukali kidogo. “Na umeona mwenyewe njia yako inavunjikia wapi. Kunywa chai, kisha uchukue swali lingine.”

Likizo yote nilifanya hivyo. Mengi bado sikuyaelewa, na mtihani niliuingia bila uhakika. Nilifaulu, ingawa si kwa alama za kujivunia.

Mwanangu, nawe sasa unasomea mambo ambayo hata majina yake yananitoka. Ukichanganyikiwa, usijihukumu haraka, wala usikimbilie majibu ya wenzako. Chukua mfano mdogo, ufuate kwa mkono wako, mweleze mtu kwa sauti. Na kabla hujahangaika kuthibitisha jambo, jiulize kama ni kweli. Mungu akupe moyo wa kukaa na usilolielewa bila kujidharau, na kila utakapokwama akuletee mtu wa kukuuliza bila kukucheka.