Taa ya Kulia

Baba yangu husalimia kila mtu barabarani. Atapiga honi, atapunga mkono, kwa sababu huku kwetu Meru ukimpita mtu kimya atauliza nyumbani kwenu kuna msiba gani. Ndiyo maana mwaka huu, tulipoanza kumpita mama mmoja mwenye ndoo bila salamu, nilijua yule si mtu aliye hai.

Kila asubuhi baba hushusha mikungu ya ndizi kwa pikapu hadi sokoni, na mimi hunishusha shuleni njiani. Ukungu huwa mzito. Mama yule alisimama upande wa kulia, kwenye kona ya chini ya kanisa, kajifunika khanga mpaka usoni. Baba hakumpungia hata siku moja. Baadaye akaongezeka mzee mwenye fimbo, kulia vilevile, na baba kimya. Sikumwambia mtu. Mimi hata darasani nikijua jibu nanyamaza, sasa nianzie wapi kusema naona wafu? Nikawa nasafiri nimeinamisha kichwa.

Baba naye alikuwa na lake: taa ya kulia. Alisema inafifia. Alibadilisha balbu mara mbili, akabadilisha fyuzi, bado. Jumamosi akanichukua twende mjini, Sakina, kutafuta taa nzima za mtumba, jozi inayolingana.

Duka lilikuwa na giza. Taa zilipangwa ukutani mpaka darini, kila kioo kimechorwa namba ya gari kilikotoka. Nilihisi zinatutazama. Fundi akachagua mbili, akaziweka moja kila mwisho wa meza ndefu, akaunganisha nyaya kwenye betri. Zikawaka mpaka nikafumba macho.

"Hii ya kushoto nzuri," baba akasema. "Washa na hiyo nyingine."

"Mzee, zimewaka zote."

"Washa bwana, usinichezee."

Fundi akacheka. "Mzee wangu, unataka mwanga gani sasa? Wa kuonea marehemu?"

Baba hakucheka. Alikuwa anatazama mbele. Mwanga wa taa ya kulia ulimpiga shavuni, na jicho lake la upande ule lilikuwa wazi, halipepesi.

"Baba," nikasema. "Imewaka."

Akageuza kichwa chote, taratibu, mpaka akaikuta. "Ahaa," akasema. Akalipa bila kubishana, na baba ni mtu wa kubishania hata kiberiti.

Tulirudi polepole, mimi nimepakata taa kwenye kiroba. Tulipoanza kupanda nikajikaza.

"Baba, yule mama wa ndoo, asubuhi, huwa humwoni?"

"Mama gani?"

Alikuwa pale pale kwenye kona. Ila sasa tulikuwa tunapanda, kwa hiyo yuko kushoto kwetu, na uso wake uko wazi. Baba akamwona mara moja, akasimamisha gari.

"Shikamoo mama. Ulipotelea wapi siku zote hizi?"

"Marahaba. Nipotelee wapi? Kila asubuhi nipo hapa nasubiri gari la maziwa. Wewe ndiye hunioni. Nikasema, basi, ameshatajirika."

Akainua ile ndoo ya bati hadi dirishani kwangu. Ubavuni ilikuwa imebonyea, na kwenye mbonyeo kuna mstari wa rangi ya bluu.

"Juzi nimerukia mtaroni," akasema. "Ndoo ndiyo uliyoipata."

Pikapu yetu ni ya bluu.

Baba alizima injini.

"Na wengine?" akaniuliza. "Kulia kulikuwa na wengine?"

Nikamtajia mzee wa fimbo. Nikamtajia watoto wawili wa shule ya msingi, ambao nao nilidhani ni wafu. Akachomoa ufunguo, akanipa mimi.

Tukaiacha pikapu pale kwenye kona, tukapanda kwa miguu, mimi upande wake wa kulia na kile kiroba kifuani. Kila tulipofika penye migomba aliuliza, "Kuna mtu?" Nikisema yupo, aliinua mkono na kusalimia kwanza, ndipo anageuka kutafuta ni nani.